Stanley Matthews aliwezaje kucheza winga Ligi Daraja la Kwanza akiwa na miaka 50?

#1 KonaYaKushoto
Wakuu, habari za wikiendi.

Kuna jambo linanisumbua. Tunawasifia wachezaji wa leo wakifika miaka 38 wakiwa bado uwanjani, tena wana madaktari wao, wapishi wao na mabeseni ya barafu. Sasa kuna huyu Mwingereza, Stanley Matthews, winga wa kulia, namba saba ya kizamani. Kazaliwa Hanley, pale Stoke-on-Trent, tarehe 1 Februari 1915. Kaanza kuichezea Stoke City Machi 1932. Mechi yake ya mwisho ya ligi ni Stoke na Fulham, tarehe 6 Februari 1965. Pigeni hesabu wenyewe: siku tano baada ya kutimiza miaka 50. Na si bonanza, ni Daraja la Kwanza la England, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa la juu kabisa.

Angekuwa kipa nisingeuliza. Angekuwa beki wa kati wa kusimama na kufokea wenzake nisingeuliza. Ni winga, mtu wa kumtoka beki!

Katikati ya hapo Vita ya Pili imepita nzima nzima, kahamia Blackpool 1947 kwa pauni 11,500, karudi Stoke 1961. Timu ya taifa kaanza 1934 kamaliza 1957 akiwa na 42, na mpaka leo hakuna mzee mwingine aliyeivaa jezi ya England kwa umri huo.

Aliwezaje? Mwili, chakula, mpira wa zamani ulikuwa rahisi, au kuna kitu hatuambiwi? Wajuvi karibuni.

#2 Mpita_Njia
Naweka mkeka hapa. Tuwasubiri walio na umri wa Matthews.

#3 MzeeBonanza
Mleta mada, jibu ni neno moja: nidhamu.

Baba yake alikuwa kinyozi na bondia, watu wakimwita kinyozi mpiganaji wa Hanley. Mtoto kalelewa na mazoezi ya alfajiri tangu hajaota ndevu. Alipokuwa Blackpool alikuwa anakwenda ufukweni asubuhi na mapema, anakimbia mbio fupi fupi peke yake wakati wenzake bado wamejifunika blanketi. Pombe hagusi. Sigara havuti. Jumatatu anafunga, hali kitu.

Mimi nina 52, nacheza timu ya maveterani pale Leaders kila Jumapili, winga huyo huyo wa kulia. Najua ninachosema. Ukiacha bia na chipsi za usiku, magoti yanakusamehe.

#4 BongeLaMstari
Mzee wangu, wewe Leaders unacheza dakika ngapi? Maana mimi nilikuwepo mwezi uliopita, uliingia, ukapiga kona moja, ukaomba maji.

Tuache utani. Tatizo letu tunachukua mambo ya 1950 na kuyapima kwa macho ya leo. Tafuteni zile filamu za rangi nyeusi na nyeupe. Beki anasimama mita mbili anamtazama winga kama anatazama sinema. Winga hashuki kukaba. Timu zilipangwa kwa ile mifumo ya washambuliaji watano, kazi ya winga ni kukaa karibu na chaki, kusubiri mpira, kumtoka mtu mmoja, kumimina krosi. Ukipoteza mpira unarudi kusimama kwenye chaki yako. Winga wa leo akifanya hivyo kocha anamtoa kabla ya mapumziko.

Kwa hiyo miaka 50 ya wakati ule ni kama 38 ya leo.

#5 BekiTatuMstaafu
BongeLaMstari, hapo kwenye kukaba nakubali, kwingine unapotosha vijana.

Mpira wa ngozi ule ukinyeshewa unanyonya maji mpaka unakuwa mzito kama tofali. Viwanja vya England kuanzia Novemba ni tope tupu, winga anakimbia kwenye kitu kinachofanana na shamba la mpunga. Mabeki walikuwa wanaruhusiwa mambo ambayo leo ni kadi nyekundu bila mjadala. Wachezaji wa akiba hawakuwepo, ukiumia unabaki uwanjani unachechemea. Nimecheza beki tatu miaka kumi na kitu, nakwambia winga mwepesi wa mwili kama yule wiki ya kwanza tu tungekuwa tumempeleka hospitali. Hawakuweza. Jiulize kwa nini.

Halafu viatu. Viatu vya Waingereza vilikuwa buti kweli, vinapanda mpaka juu ya kifundo, ngozi ngumu. Matthews alipokwenda Brazil kwenye Kombe la Dunia 1950 akaona wenzetu wa kule wanavaa viatu vyepesi vilivyokatwa chini, akarudi nyumbani akatengenezewa vyake. Mtu anayefikiria namna hiyo mwaka 1950, kwenye nchi ambayo watu waliona wao ndio wenye mpira, ni wa kupewa heshima yake.

#6 DadaWaJukwaa
MzeeBonanza kasema: *"Sigara havuti."*

Ni kweli hakuwa mvutaji. Ila uso wake ulikuwa kwenye matangazo ya sigara za Craven "A", miaka hiyo ya 50 mwanzoni. Nidhamu ya kwake, moshi wa wateja 😂

#7 MzeeBonanza
Dada, mtu kutangaza biashara na kuitumia ni vitu viwili tofauti. Hata anayetangaza dawa ya minyoo si lazima awe na minyoo.

#8 TabibuWaViungo
Nafanya kazi ya tiba ya mazoezi, wateja wangu wengi ni wanamichezo. Niongezee upande wangu.

Umri ukienda, kinachotangulia kuondoka ni kasi ya mbio ndefu na uwezo wa kurudia mbio hizo mara nyingi. Hatua tatu nne za kwanza zinachelewa kuondoka, hasa kwa mtu aliyezifanyia mazoezi maisha yake yote. Sasa mtazameni Matthews kwa makini, msitazame mpira, tazameni bega lake. Anamletea beki mpira polepole, karibu anatembea, mpaka anafika mbele yake kabisa. Anainamisha mwili kuelekea ndani, upande wa kushoto kwake. Beki akihamishia uzito kwenye mguu wa upande huo, kwisha kazi: Matthews anausukuma mpira nje kwa mguu wa kulia na kuondoka kwa mita tano tu. Mita tano! Baada ya hapo beki ameshageuka vibaya, hata winga akipunguza mwendo hakamatwi.

Na cha ajabu ni chenga ile ile kila mara. Mabeki wote wa England waliijua, magazeti yaliichora, na bado waliinunua. Inategemea kumsoma mtu zaidi ya mapafu, ndiyo maana haikuzeeka naye.

Kingine: kwa miaka 33 ya soka la kulipwa hakuwahi kuonywa wala kutolewa na refa. Mtu asiye na ugomvi hakimbizwi na mabeki wenye kisasi.

#9 Kijana_wa_Ilala
Tabibu umeua 👏

Kwa mimi nikikumbuka ile fainali ya Kombe la FA ya 1953, Blackpool na Bolton, jamaa ana miaka 38, timu yake iko nyuma 3-1, anafunga hat trick wanashinda 4-3. Hapo unauliza nini tena?

#10 BekiTatuMstaafu
Kijana, hat trick ni ya Stan Mortensen, mshambuliaji mwenzake wa Blackpool. Matthews siku ile hakufunga hata moja. Bao la nne lilifungwa na Bill Perry, winga wa kushoto, mzaliwa wa Afrika Kusini, dakika za majeruhi, kutokana na krosi ya Matthews. Mechi imebaki inaitwa "Fainali ya Matthews" na Mortensen mwenye mabao matatu akabaki kama mpiga debe. Dunia haina haki.

Na kwa kuwa tumefika hapo niwape ambalo halisemwi sana. Bolton walikuwa na kiungo wa kushoto anaitwa Eric Bell. Akachanika msuli mapema kabisa. Akiba hakuna, kwa hiyo wakamsogeza mbele winga ya kushoto akae tu asumbue. Na mguu wake mbovu akafunga kwa kichwa, ndilo bao la 3-1! Lakini kumbuka Bell ndiye alikuwa msaidizi wa beki wa kushoto, Ralph Banks, kumkaba Matthews. Banks akabaki peke yake, na kipindi cha pili naye misuli ikambana. Blackpool wakaona, kila mpira ukapelekwa kulia. Nusu saa ya mwisho ile ni mzee wa miaka 38 anamchezea mtu anayechechemea, wa kumsaidia yuko mbele kule naye anachechemea.

Simdharau. Nasema tu tuziweke sababu zote mezani.

#11 Kijana_wa_Ilala
Mortensen, Matthews, wote Stan tu. Jina ni lile lile 😅

#12 BongeLaMstari
#10 ndiyo hoja yangu mwenyewe, asante kwa kunisaidia bila kujua.

#13 FundiBomba
Naona mnazunguka mbuyu. Mnamzungumzia winga bora wa Waingereza wa wakati ule lakini jina mmekosea. Anaitwa Tom Finney.

Mtoto wa Preston, kazaliwa 1922, kwenye ligi kaichezea Preston North End peke yake maisha yake yote. Kazi yake ya mkono ilikuwa fundi bomba. Baba yake alimwambia umalize kwanza ufundi ndipo ukacheze mpira, na biashara ya mabomba akaendelea nayo huku anaichezea England. Mechi 76 za taifa, mabao 30. Huyo wenu 54, mabao 11. Finney anacheza kulia, anacheza kushoto, wakikwama wanampanga mshambuliaji wa kati na anafunga. Mguu wake wa asili ni kushoto lakini winga ya kulia aliicheza kama kazaliwa nayo.

Alistaafu 1960 akiwa na 38. Msimu uliofuata Preston ikashuka daraja na mpaka leo haijarudi ligi ya juu. Hapo ndipo unajua nani alikuwa nguzo.

Vita ilimkata kuliko Matthews. Alikuwa jeshini Misri na Italia, mechi yake ya kwanza ya ligi kacheza Agosti 1946 ana miaka 24. Mwondoleeni mtu yeyote miaka yake ya 18 hadi 24 muone atabaki na nini.

#14 DadaWaJukwaa
FundiBomba, tuambie ukweli, unampenda kwa mpira au kwa kuwa ni fundi mwenzako?

#15 FundiBomba
Vyote. Fundi bomba ana macho, anaona maji yanapotaka kupita.

#16 Mswahili_Ughaibuni
Salaam kutoka Stoke wakuu. Nipo huku mwaka wa saba, nafanya kazi ghalani, uwanja wa Stoke City sipo mbali nao.

Nje ya uwanja kuna sanamu yake, na si moja, ni tatu kwa pamoja: Matthews kijana, Matthews wa katikati, Matthews mtu mzima, wote wanakwenda na mpira. Ukisimama kando unaona mtu mmoja anazeeka huku anaendelea kupiga chenga. Ile sanamu ni jibu la swali la mleta mada, ila haisemi. Alifariki Februari 2000, na majivu yake yamezikwa chini ya duara la katikati ya uwanja huo.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu watu wa huku. Mwaka 1938 aliomba kuondoka Stoke. Mji ukachemka, ukaitishwa mkutano wa hadhara wakaja zaidi ya watu 3,000, wengine wakabaki nje ukumbi umejaa. Akabaki. Halafu 1961 aliporudi, ana miaka 46, timu iko Daraja la Pili na uwanja umebaki mtupu. Mechi ya nyumbani kabla hajaja watazamaji 8,409. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Huddersfield, watazamaji 35,974. Kocha Tony Waddington hakuwa mjinga. Aliyesajiliwa pale alikuwa mchezaji na mashine ya tiketi kwa pamoja.

#17 MhasibuWaKijiji
Mswahili_Ughaibuni umenitangulia, nilikuwa nakuja na pesa.

Ndugu zangu mnatafuta sababu kwenye magoti wakati iko kwenye vitabu vya hesabu. England ilikuwa na kima cha juu cha mshahara. Mwaka 1947 mchezaji hazidi pauni 12 kwa wiki, awe Matthews au awe yule anayekaa ukingoni kubeba maji. Mwishoni mwa miaka ya 50 ikafika 20. Kikafutwa Januari 1961 baada ya chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kutishia mgomo. Na kabla ya kesi ya George Eastham 1963, hata mkataba wako ukiisha klabu inaweza kukushikilia tu usiende popote.

Sasa piga hesabu kwa upande wa klabu. Winga maarufu mwenye miaka 40 anakugharimu sawasawa na kijana asiyejulikana. Kwa nini umwache? Anajaza uwanja kwa bei ya mtu wa kawaida. Na piga kwa upande wa mchezaji: miaka 20 ya kulipwa pauni 10, 12, 15, unastaafu na nini? Unaendelea kucheza kwa sababu ukiacha mshahara umekatika.

Finney naye ni mfano huo huo. Mwaka 1952 Palermo ya Italia ilimtaka: pauni 10,000 mkononi kwa kusaini, pauni 130 kwa mwezi, na nyumba. Yeye Preston analipwa pauni 14 kwa wiki. Mwenyekiti wa klabu akakataa, na mjadala ukaishia hapo. Leo dogo wa kidato cha nne ana wakala.

#18 MzeeBonanza
Mhasibu, hayo yanaeleza kwa nini alitaka kucheza. Hayaelezi aliwezaje. Hata mimi nataka kucheza Ligi Kuu.

#19 MhasibuWaKijiji
Wewe hujazi uwanja, mzee.

#20 Mpita_Njia
😂😂😂 Mkeka wangu umelipa.

#21 TabibuWaViungo
Mhasibu, hoja nzuri ila ina tundu. Kima hicho kiliwabana wachezaji wote, na wote walihitaji hela. Mbona wengi waliacha kwenye 33, 34? Finney mwenyewe aliondolewa na maumivu ya nyonga. Kwa hiyo mwili bado una neno lake.

#22 BongeLaMstari
Sasa niwape baridi kidogo. Hiyo mechi ya Fulham mnayoisifia, Februari 1965: ndiyo mechi PEKEE ya ligi aliyocheza msimu ule. Msimu wa kabla yake alicheza tisa. Tena tarehe 1 Januari mwaka ule ule Malkia alikuwa amempa u-Sir. Mchezaji anapewa u-Sir, anatimiza miaka 50, na ghafla wiki hiyo hiyo anarudi kikosi cha kwanza. Hiyo ni mechi ya heshima, jamani. Tukiwa wakweli mwisho wake halisi ni kama miaka 48.

#23 KonaYaKushoto
Mkuu, yaani hoja yako ya kumshusha ni kwamba alicheza mpaka 48? 😂

Msimu wa 1962/63 Stoke walichukua ubingwa wa Daraja la Pili, yeye kacheza mechi 31 za ligi, na waandishi wakampa tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka. Ile tuzo alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuipata, 1948. Miaka 15 baadaye anaichukua tena. Na mechi ile ya Fulham Stoke walishinda 3-1, hakuwekwa pale kama sanamu.

Halafu mwenyewe mpaka uzeeni alikuwa akisema alistaafu mapema mno.

#24 Sheha_wa_Mtaa
Assalaam aleikum. Nimesoma tangu juu. Mimi wa Unguja, nataka nimpe FundiBomba haki yake kidogo.

Mabao 11 katika mechi 54, miaka 23 ya timu ya taifa. Huku kwetu kuna ule msemo wa baada ya kufungwa: magoli wametufunga, lakini chenga twawala. Basi huyo ndiye Matthews. Blackpool wamefika fainali ya FA 1948 wakafungwa na Manchester United 4-2, 1951 wakafungwa na Newcastle 2-0, hiyo ya 1953 ndiyo wakaokoka. Ubingwa wa ligi kuu hakuupata maishani. Chenga aliwala kweli kweli.

#25 FundiBomba
Sheha, Mwenyezi Mungu akuzidishie.

#26 BekiTatuMstaafu
Ila Sheha, Finney hakupata hata hiyo moja. Fainali ya 1954 Preston wakafungwa na West Brom 3-2, na ligi waliikosa 1953 kwa hesabu ya wastani wa mabao tu, Arsenal wakachukua. Kwa hiyo tukipima kwa makombe hawa wawili wote ni mafukara.

Na hiyo idadi ndogo ya mechi za taifa isiwadanganye. Timu ya England ilikuwa inachaguliwa na kamati. Wazee wa mpira wanakaa mezani, huyu mbinafsi mno, yule anachelewesha mpira, wanamtoa Matthews, wananchi wanalalamika, wanamrudisha. Kule Brazil 1950 alikuwepo kikosini lakini mechi ya Marekani hakupangwa, kwa kuwa eti waliishinda Chile hivyo kikosi kisibadilishwe. England ikafungwa 1-0 na Wamarekani pale Belo Horizonte. Mechi iliyofuata wakamwingiza, wakafungwa 1-0 tena na Hispania, wakarudi nyumbani.

Na kitu ambacho ubishi wa Finney na Matthews unasahau: wakati mwingine waliwapanga wote wawili. Lisbon, Mei 1947, Matthews kulia Finney kushoto. Ureno 0, England 10. Washambuliaji Lawton manne, Mortensen manne, na mawinga wawili wakafunga moja moja. Ilikuwa ni kuwapanga tu.

#27 Mkenya_Halisi
Wadau wa TZ hamjambo. Nimepitia huu uzi wote, kazi safi. Swali kutoka Nakuru: Ballon d'Or ya kwanza, ile tuzo ya waandishi kwa mchezaji bora wa Ulaya, 1956, alipewa Matthews akiwa na miaka 41. Alipata kura 47, Di Stéfano 44, Kopa wa Ufaransa 33. Na Di Stéfano mwaka huo ametoka kubeba Kombe la Ulaya na Real Madrid. Hii si zawadi ya kustaafu mapema kweli? Maana naona kama hao waandishi walimpa mzee asije akafa bila kitu.

#28 KonaYaKushoto
Karibu Nakuru. Mwaka huo huo, Mei 1956, England iliichapa Brazil 4-2 Wembley, na beki wa kushoto wa Brazil siku ile alikuwa Nílton Santos, mmoja wa mabeki bora waliowahi kuzaliwa. Matthews alimzungusha jioni nzima. Santos miaka miwili baadaye ni bingwa wa dunia. Kwa hiyo hakupewa kwa huruma.

#29 Mkenya_Halisi
Mechi moja, boss. Di Stéfano alifanya hivyo kila wiki. Lakini sawa, mimi ni mgeni hapa sitaki kufukuzwa.

#30 DadaWaJukwaa
Mimi nataka kurudi Afrika, maana mnamzungumzia kana kwamba aliishia Blackpool.

Huyu bwana kwa miaka mingi likizo zake za kiangazi alikuwa anakuja barani kwetu kufundisha watoto mpira. Ghana, Nigeria, Uganda, Tanzania, na zaidi ya kote Afrika Kusini. Ghana alikwenda 1957, ndiyo kwanza wamepata uhuru, akavaa jezi ya klabu yao ya Hearts of Oak kwenye mechi za kirafiki. Afrika Kusini aliingia mpaka Soweto, na 1975 akachukua timu ya vijana weusi wa huko, walikuwa wanaitwa Stan's Men, akawapeleka Brazil. Ubaguzi wa rangi uko palepale, mwaka mmoja kabla ya Soweto kuwaka moto. Wakubwa wa Pretoria hawakupenda.

Katika miaka yenu hiyo 50 mnayobishania, mimi hii ya 60 ndiyo naiona kubwa zaidi.

#31 Sheha_wa_Mtaa
Dada, hili sikulijua, ahsante sana. Kuna mzee humu aliyemwona Tanzania?

#32 Kijana_wa_Ilala
Babu yangu anasema alimwona Dar, tena alimpiga tobo.

#33 BekiTatuMstaafu
Nani alimpiga nani?

#34 Kijana_wa_Ilala
Babu alimpiga Matthews.

#35 BongeLaMstari
Hiyo chai ina tangawizi.

#36 Mswahili_Ughaibuni
😂 Mpe babu salamu.

Jamani nidhamu ya #3 ina doa moja. Baada ya kustaafu alikwenda kufundisha Port Vale, majirani hapa hapa, akiwa meneja. Mwaka 1968 klabu ikakutwa imewalipa wachezaji kinyume cha kanuni, ikafukuzwa ligi. Bahati yao wenzao wakapiga kura wakairudisha msimu uliofuata. Yeye akaondoka, akaenda kuishi Malta, na kule kwenye klabu ya Hibernians akawa anaingia uwanjani tena kucheza.

#37 MzeeBonanza
Unaona sasa? Mtu kamaliza 50, kaenda kisiwani, kavaa viatu tena. Na hakuishia hapo. Mwaka 1985 alicheza mechi ya maveterani huko huko Brazil, ana miaka 70, na ndipo goti likamgomea. Sabini! Halafu BongeLaMstari ananicheka mimi kuomba maji.

#38 TabibuWaViungo
Mzee, kwenye 70 uje kwangu kwanza nikupime kabla hujaingia.

#39 MhasibuWaKijiji
Na ulete bima.

#40 FundiBomba
Finney alipotundika viatu alirudi kwenye kampuni yake ya mabomba na umeme na kaka yake, akawa anawatengenezea watu mifereji pale pale Preston. Nyumba zikapata maji. Hapo Matthews anasemaje?

#41 DadaWaJukwaa
Fundi, kwa kuwa umejitaja mwenyewe: sinki la jikoni kwangu Tabata linavuja wiki ya pili sasa. Nicheki inbox.